Kuku Mwenye Sauti ya Mwamina

Ruangwa mjini,
11 Agosti 2024

Kwako binamu Masoudi, shemeji yangu wa Kiegei,

Assalaam alaikum. Naanza na karatasi kwa sababu simu yako haipatikani tangu mwezi wa tano. Dickson, kondakta wa basi la Nachingwea, ameniambia ilizama kwenye ndoo ya maji na wewe ukaitoa ukaiweka juu ya kabati, basi. Kweli binamu? Hata kuianika? Haya, barua hii anakuletea yeye. Ukijibu, mpe yeye.

Huku Ruangwa tunadunda. Vumbi la malori ya mgodini, jua, na siku ya mpira mji mzima unahamia uwanjani, hata muuza chapati anafunga. Mama yuko Chiola. Goti linamsumbua lakini mdomo haujambo. Juzi kanigombeza dakika ishirini kwa sababu nilipiga chafya kwenye simu bila kusema Alhamdulillahi. Raudha je? Mwambie mjomba wake anamtunzia penseli za rangi.

Neno langu ni hili. Ile kazi yangu ya katuni imechukuliwa na kituo kimoja cha televisheni cha Dar. Inaitwa Kijiji cha Manyoya, inarushwa kila Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Kijiji kizima ni ndege wa kufugwa. Kuna Jogoo anayetangaza kila kitu kama mpira, mtu akichuma mchicha yeye anapayuka, "Anakwenda, anakwenda, anachumaaa!" Kuna Bata muuza dawa inayotibu mgongo, mitihani na mume mkorofi. Kuna Kanga anayetafsiri maneno ya wenzake kama wale jamaa wa vibanda vya video wanaotia Kiswahili juu ya filamu za nje: mwenzake akisema neno moja, yeye anatafsiri dakika tatu, na kila adui kwake ni "jambazi sugu". Watu wanacheka kweli kweli. Huko kwenu kuna televisheni jirani? Nauliza tu.

Nisalimie wanaoniulizia, na wasioniulizia wape nusu.

Hamidi


Kiegei,
2 Septemba 2024

Hamidi,

Waalaikum salaam. Barua nimeipata. Dickson aliiacha dukani, ikakaa siku tisa mpaka nilipokwenda kununua chumvi.

Sisi wazima. Raudha ana afya. Mikorosho nimeipulizia salfa na imetoa maua. Simu ni kweli ilizama. Niliitazama nikaona haina haja.

Televisheni ipo kwa Bundala, yule Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake mwaka juzi. Ana sola na dishi. Mwaka jana ng'ombe wake waliingia shambani kwangu tukagombana sana. Siku hizi hatugombani, sijui kwa nini. Mkewe Getruda anawatandikia watoto mkeka kila Jumamosi, na Raudha yumo. Wiki iliyopita nilimfuata nimrudishe nyumbani, nikasimama mlangoni, nikatazama mpaka mwisho.

Mengi sikuyaelewa. Watu walicheka, nikamuuliza Raudha wanacheka nini. Akasema, "Baba, huyo Bata anamuiga mtu wa matangazo ya redioni." Mimi redio siwashi. Wakacheka tena, akasema huyo Kanga anaiga filamu. Ikawa hivyo, yeye ananieleza na mimi natikisa kichwa.

Kisha akatoka kuku mmoja, Bi Tetea. Kwenye barua yako hukumtaja. Huyo sikuhitaji kuelezwa.

Kuku yule ni nani?

Masoudi


Ruangwa mjini,
20 Septemba 2024

Kwako binamu,

Nimefurahi kuuona mwandiko wako, ingawa barua yenyewe fupi kama risiti. Zamani ungeanza na matusi. Ungeniuliza kama nimeoa au bado nalelewa na kompyuta. Binamu yangu asiponitania naona kama nimekosea nyumba.

Mama amepewa dawa ya kuchua, goti limepata nafuu. Mimi nimehama, nina chumba karibu na soko. Kuna joto, ila umeme haukatiki sana.

Kuhusu Bi Tetea, usijitie mawazo. Huyo ni mama wa tamthilia tu. Si unawajua akina mama wale, wanashika kiuno, wanamkataa mkwe, muziki unapigwa? Kazi yetu ndivyo ilivyo, binamu. Unachukua kitu ambacho kila mtu anakijua, unakipindisha kidogo. Mtazamaji anakiona kile cha siku zote na hiki kilichopinda kwa pamoja, anacheka. Asipokijua cha kwanza, hacheki. Ndiyo maana tunaiga matangazo, mpira, mahubiri, nyimbo zinazopigwa kila kona. Huwezi kumuiga mtu asiyejulikana, mzaha unakufia mkononi. Mkubwa wangu pale Dar ana uhakika kabisa kwamba Bi Tetea ni mtangazaji fulani wa kipindi cha asubuhi, na ameshanionya tusije tukashtakiwa. Nikamwacha aamini hivyo.

Sauti naifanya mwenyewe. Naegemeza godoro dirishani bodaboda zisisikike, nasema, kisha kompyuta inaipandisha sauti kidogo. Hivyo tu.

Raudha anampenda nani zaidi katika ndege wale? Niambie.

Hamidi


Kiegei,
3 Novemba 2024

Hamidi,

Nimechelewa kwa sababu ya korosho. Tunaokota, tunaanika, tunapeleka ghalani. Shangazi, mama yako, alikuja kutoka Chiola akakaa siku nne. Raudha ameng'oka jino la mbele.

Umeandika kwamba huwezi kumuiga mtu asiyejulikana. Hapa anajulikana. Jumamosi moja kuku yule aliketi juu ya kinu, wenzake wakamwambia, "Bi Tetea, umekaa?" Akajibu, "Sijakaa, nimetua." Wanawake waliokuwepo kwa Getruda wakaangua kicheko, kisha wakaniona mlangoni, wakaziba midomo. Mmoja alitoka nje kabisa. Sijui kama mtangazaji wa asubuhi wa Dar anasema hivyo. Mimi nimeyasikia maneno hayo miaka kumi na moja kutoka kwa marehemu mke wangu, kila nilipomkuta kizingitini kwa mama yake nikamwambia twende nyumbani.

Shangazi naye alitazama. Hakucheka. Tulipokuwa njiani akanituma nikuandikie, na naandika alivyosema. Mliotoka tumbo moja hamuigizani. Mtu akifa, anayemuigiza ni mtani wake, na mtani wake ni binamu. Binamu ndiye anayejifunga kanga ya marehemu, akatembea kama yeye, akagomba kama yeye, akazuia jeneza lisitoke mlangoni mpaka wafiwa wacheke na machozi yawatoke. Hamidi si binamu wa Mwamina. Ni mdogo wake. Huko alikokwenda ndiko alikofundishwa kuvaa nguo isiyo yake? Mwisho wa maneno ya Shangazi.

Na mimi nakuomba umuondoe kuku huyo. Sisemi kwa hasira.

Masoudi


Ruangwa mjini,
28 Novemba 2024

Kwako binamu Masoudi,

Nakusalimu kwa adabu, na Shangazi yako nimeshampigia, nimetukanwa nikatosheka. Mwambie Raudha jino la mbele huwa linarudi kubwa kuliko lililotoka.

Barua yako nimeisoma mara nne. Sina pa kujificha. Ndiye yeye. Bi Tetea ni Mwamina, nilimchora wiki ile ile aliyofariki.

Nilifanya hivyo kwa sababu dada yangu alizikwa kimya. Mama alinisimulia. Homa siku nne, ya tano mnazika, mvua inamwagika, mto umejaa, mabinamu wote wa upande wenu wamekwama ng'ambo. Binamu pekee aliyekuwepo msibani ni wewe, na wewe ndiye mume, na mfiwa hatanii. Basi hakuna aliyejifunga kanga yake. Hakuna aliyezuia jeneza. Mwamina! Mtu aliyeweza kukuaga tangu adhuhuri mpaka magharibi na bado hajamaliza, akapelekwa makaburini kama mpita njia asiyejulikana jina. Inaniuma binamu, inaniuma mpaka leo. Na mimi nilikuwa Dar, barabara ilikuwa imekatika, unajua, sikuweza kufika.

Nikajua si kazi yangu kumuigiza. Nikamvisha manyoya nikidhani manyoya yatanificha.

Sasa nikuambie jambo la aibu. Maneno yake yameniishia. Niliondoka nyumbani na miaka kumi na minne, Mwamina ninayemjua mimi ni wa likizo. Yote niliyokuwa nayo nimeshayatumia. Siku hizi namtungia, na nikimtungia anakuwa mama wa tamthilia kweli, yule niliyekudanganya naye.

Februari natakiwa nitume kipande cha mwisho cha msimu huu. Mkubwa wangu anataka Bi Tetea afe, tena kwa uchungu, eti watu watalia na watatumiana kwenye simu. Mimi nafikiri nimpandishe basi aende kwa ndugu zake, asirudi. Unasemaje?

Hamidi


Kiegei,
5 Januari 2025

Hamidi,

Mvua zimeanza. Nimepanda mahindi na kunde kidogo. Shangazi hajambo. Barua yako imekaa wiki tatu kwa sababu basi halikufika huku, njia ni tope.

Dickson alipoileta niliisoma palepale nikamuuliza, bila kufikiri, kama barabara ya Dar ilikatika wiki ile ya msiba. Akasema mabasi yalichelewa lakini yalifika yote. Hakujua kwa nini nauliza. Nikamshukuru akaenda.

Sikukasirika. Nilikaa nikangoja nikasirike, haikuja. Ndivyo nilivyo tangu Februari ya msiba. Nalima. Nakula kwa sababu Raudha ananitazama, chakula hakina ladha. Siku ya mazishi mvua ilininyeshea mpaka mifupani na sikusikia baridi. Watu wananisifu, wanasema Masoudi ana subira. Si subira. Hamna kitu mle ndani.

Jumamosi tuliporudi kutoka kwa Bundala, Raudha akaniambia, "Baba, leo mama kakosea." Nikamuuliza mama yupi. Akasema, "Mama wa kwenye tivii. Kamwita mtoto wake mpenzi wangu. Mama hasemi hivyo." Kumbe alijua tangu siku ya kwanza. Akaniuliza, "Wewe unajua anavyosema?" Nikasema najua. Akangoja nimwambie. Tukatembea tukafika nyumbani.

Niliomba umuondoe kuku. Sasa sijui. Ukimuondoa, mtoto huyu atakuwa amezika mara mbili. Ukimuacha, kila Jumamosi atakuwa anaona mama yake anapungua.

Masoudi


Ruangwa mjini,
19 Januari 2025

Binamu,

Leo salamu hazipandi. Nibusie Raudha kichwani.

Barabara haikukatika. Nilikuwa na tiketi mfukoni. Wiki ile tulikuwa Dar tunarekodi vipande vya majaribio, nikasikia amezidiwa, nikaaga, nikafika stendi alfajiri, mguu mmoja uko ndani ya basi. Mama akanipigia kwamba ameshafariki na mtazika adhuhuri. Nikapiga hesabu ya saa nikaona sitamkuta. Nikajiambia nakwenda kutazama udongo wa nini? Nikashuka. Nikarudi kazini, nikamsemea Bata anayeuza dawa, wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Mimi ni mtu wa namna gani, Masoudi?

Tangu hapo sijatia mguu Kiegei. Ruangwa na Kiegei si Ulaya, mtu anaondoka asubuhi na jioni yuko kwako. Naogopa. Naogopa uso wako, naogopa na kaburi. Nimeona heri nimchore kila siku kuliko kwenda kumuona mara moja.

Uamuzi nakuachia, maana wewe ndiye binamu. Tarehe 15 Februari natuma kipande cha mwisho. Ukisema aondoke, ataondoka kwa heshima. Ukinyamaza, nitajua umesema aondoke. Raudha nitamuomba radhi mimi mwenyewe, sijui kwa maneno gani.

Mdogo wa marehemu,
Hamidi


Kiegei,
9 Februari 2025

Hamidi, weee!

Bado una sikio lile moja kubwa, au umelichora upya? Dickson nimemzuia. Amekaa uani kwangu anakula muhogo mpaka nimalize kuandika, abiria wa Nachingwea wamngoje. Shangazi mzima. Mahindi yamefika kiunoni.

Ijumaa nilikaa na kalamu kukuandikia umuondoe. Raudha alikuwa anapepeta kunde pembeni, akauliza naandika nini. Nikamwambia ukweli: namuandikia mjomba wako, hakuja kumzika mama. Akafikiri. Akasema, "Mama angemwambia nini?"

Nilitaka kusema sijui. Badala yake nikasimama. Kanga zake ziko palepale kwenye kamba, nikavuta moja nikajifunga juu ya suruali, nikashika mwiko, nikautazama mlango kama umeingia wewe, nikaanza. Sikujua kwamba ninayo yote. Kuna namna yake ya kukasirika ambayo wewe huijui, ni ya nyumbani kwake tu: akiwa ameudhika na wewe hakusemeshi, anasema na sufuria. Nikasema na sufuria. Raudha akaangusha ungo, kunde zikatawanyika, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Siyo hivyo Baba, shingo!" Akanionyesha shingo. Nikaiweka alivyotaka. Getruda akatokea na maziwa, akasimama, akatamka neno la Kisukuma, akatua ndoo akajifunika uso. Sikuacha.

Nililia, Hamidi. Nililia huku nagomba, na kugomba hakukukatika. Halafu nikasikia njaa. Mwaka mzima sikuwa nimesikia njaa. Nilikula ugali wangu na wa Raudha, Getruda akasonga mwingine.

Basi sikiliza. Kuku anabaki, ila mdomo wake si wako. Maneno nitatoa mimi, sauti ni yangu, kompyuta yako iipandishe itakavyo. Raudha atasimamia shingo. Wewe chora tu. Hao wa Dar uwape kipande cha Bata kwa sasa, na huyo mkubwa wako akitaka mtu afe kwa uchungu ajichore mwenyewe. Hitima yake ya mwaka ni tarehe 23 mwezi huu. Njoo na kifaa chako cha kurekodia.

Na haya ndiyo uliyoambiwa Ijumaa, Raudha ni shahidi. Yalisemwa kwa sufuria:

"Sufuria, unamjua mtu anaitwa Hamidi? Humjui. Mimi nilimjua. Nilimbeba mgongoni mpaka watu wakadhani nimezaliwa naye huko. Nasikia siku hizi mkubwa, anachora. Mmoja kampa dawa auze, mmoja kampa mpira atangaze, mimi dada yake kanipa kidari na mkia! Na tumbo, sufuria, umeliona tumbo alilonipa? Mimi nina tumbo lile? Lakini sigombi. Nimekufa, nina muda. Nasema tu, mtu anaogopa kaburi, kwani lina meno? Lina majani. Aje ayang'oe kwa mikono yake, asimtume mtu. Akimaliza aingie ndani, chakula kipo. Wenzake wameshanawa. Anangoja nini?"

Ni mimi, mtani wako,
Masoudi